Tambara la Kumi na Mbili

Wanunuzi wa vyuma chakavu walifika nyumbani kwetu Kongowe asubuhi, watu watatu na lori lao, kuichukua pikapu ya marehemu Baba. Mama alisema hawezi kutazama, akabaki jikoni akisugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi, kwa hiyo mwenye mali uani nikawa mimi. Kijana mmoja alifungua boneti aone kama betri bado imo. Ikatoka ile harufu. Watu wa rika langu waliolelewa kwenye nyumba yenye gari la dizeli wanaijua: dizeli iliyolala, oili ya zamani, vumbi lililopikwa na joto. Mkono ukiigusa, unakula nayo ugali siku mbili, uoge kwa sabuni ya namna yoyote. Machozi yakanitoka. Yule kijana alidhani namlilia Baba, akanipa pole, nami nikaipokea. Ningeanzaje kumweleza kwamba nalia kwa ajili ya mtu mwingine, aliye hai, ambaye nilimharibia kazi yake nikiwa na miaka minane?

Mtu huyo ni Fundi Mwinshehe. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Baba alibeba mihogo kutoka Kisarawe, kwa shangazi yangu na majirani zake, akaileta kwa wauzaji wa huku Kibaha. Gari likiugua halikupelekwa gereji. Baba alimpigia simu Fundi Mwinshehe, naye akaja kutoka Kisarawe na sanduku lake la spana, akalala sebuleni kwetu mpaka gari lipone. Alikuwa Mzaramo wa hukohuko, mfupi, mwenye ndevu nyeupe kidevuni tu, na mimi nilimwita babu ingawa umri wake haukumzidi sana Baba.

Mama ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo yeye na fundi walikuwa watani. Mgeni angedhani wana ugomvi. Fundi akifika mlangoni, hata hajatua sanduku, anauliza kama Mnyamwezi amekwisha kujifunza kupika au bado anawachemshia watu maji na chumvi. Mama anamjibu kuwa chakula kipo, ila kimepikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi, Wazaramo wasubiri ngoma. Hakuna aliyenuna. Ndiyo sheria ya utani: unaambiwa, unacheka, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Mimi niliwasikiliza kwa raha, nikidhani kila anayecheka amefurahi.

Safari ninayoisimulia, injini ilichanganya maji na oili. Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka kimepakaa kitu kama chai ya maziwa, akakitazama kwa muda mrefu. Fundi alipokuja aliigusa ile oili kwa kidole, akanusa, akasema gasketi ya silinda hedi, ile ya kuzibia kati ya injini na kichwa chake, imekufa, injini lazima ifunguliwe.

Sasa Fundi Mwinshehe alikuwa na utaratibu wake, ambao sijauona kwa fundi mwingine mpaka leo. Kabla hajafungua bolti ya kwanza aliomba kanga kuukuu. Hakutaka shati wala gunia, alitaka kanga iliyofuliwa mpaka ikachoka, kwa sababu haiachi nyuzi. Aliichana vipande kumi na viwili, akivihesabu kwa sauti, kisha kila tundu la injini alilolifungua akaliziba kwa kipande kimoja, maana uani kwetu ni mchanga mtupu na kuku. Akimaliza kazi, kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo, alivitandaza vipande vyote juu ya mkeka na kuvihesabu tena. Vikitimia kumi na viwili, gari linawashwa. Baadaye nilikuja kujua sababu. Alipokuwa kijana, kwenye karakana ya malori, aliwahi kusahau tambara ndani ya injini, na injini ile ilikufa mbele ya macho yake siku hiyohiyo ilipowashwa. Tangu hapo hakuwahi kuwasha bila kuhesabu.

Mimi hayo sikuyajua. Nilimwona mzee ameinama, anahesabu vitambaa polepole, midomo inacheza vilevile kama akivuta tasbihi baada ya sala, nikaamini ni dua ya kuliombea gari. Na dua, kwa akili yangu ya wakati ule, haiharibiki kwa kupungukiwa na kitambaa kimoja.

Shida ilikuwa kanga yenyewe. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, tumbo limeshamtangulia, na Baba alikuwa amemnunulia doti mpya kwa ajili ya mtoto anayekuja. Fundi alipoomba kanga, Mama akaingia chumbani akatoka na ile ya njano yenye korosho nyekundu. Ilikuwa mbeleko yangu. Mama alikuwa ameniambia mara nyingi, na mara nyingine niliomba niambiwe tena: hii ndiyo niliyokubebea kutoka hospitali, na hili tundu ni la kaa la moto lililoruka siku nakaanga samaki wewe uko mgongoni, likaunguza kanga lisikuguse wewe. Nilimwona Mama anaikabidhi bila hata kuiangalia mara mbili. Nikasikia inachanwa. Leo najua kanga ilikuwa imechakaa na mama mwenye mimba ana mengi ya kuwaza. Siku ile nilielewa kwamba nafasi yangu mgongoni imefutwa na sasa inafutiwa oili.

Nilingoja siku tatu.

Ijumaa asubuhi silinda hedi ilirudi kutoka kuchongwa uso wake ukae sawa. Fundi akaiweka, gasketi mpya chini yake, akakaza bolti zote kwa kufuata mpangilio anaoujua yeye. Kila alipofunga tundu alichomoa tambara lake na kulitupa kwenye karai. Adhuhuri ilipokaribia kila kitu kilikuwa kimefungwa. Yeye na Baba wakaoga, wakavaa kanzu, wakaenda kuswali Ijumaa. Mama alikuwa ndani, amelala kidogo. Nikaenda kwenye karai, nikachambua yale matambara mpaka nikalipata lenye tundu la kaa, nikalisokomeza ndani ya mfuko wangu wa daftari. Vidole vyangu vilinuka dizeli, nikavisugua kwa mchanga. Moyo haukunidunda hata kidogo. Nilikuwa nimechukua kilicho changu.

Waliporudi, fundi alibadili nguo, akatandika mkeka, akaanza. Nilikuwa nimekaa kizingitini nakula embe bichi.

"Kumi na moja," alisema. Akaukung'uta mkeka, akaanza upya. "Kumi na moja."

Alihesabu mara tano. Akainua karai, akazunguka gari, akalala chini yake, akarudi.

"Fundi, washa," Baba alisema. "Dada ameshang'oa mihogo yote. Alfajiri natakiwa niwe Kisarawe."

"Siwashi. Tambara moja halipo."

"Litakuwa limepeperushwa na upepo. Au limebebwa na kuku."

"Huenda. Huenda pia limo humu ndani, limeingia kwenye njia ya hewa. Likivutwa, bwana mkubwa, injini huna."

"Basi ulichana kumi na moja."

"Nilichana kumi na mbili. Nilihesabu mbele ya mtani hapa."

Wote wakamtazama Mama, ambaye alikuwa ameamka na kutoka nje. Yeye akasema ukweli wake: "Nilikusikia unahesabu. Mimi sikuhesabu."

Ndipo fundi akanigeukia. Hakunituhumu, aliniuliza kwa upole kabisa, amechuchumaa macho yetu yakawa sawa. "Mjukuu wangu, hukuona tambara limeanguka popote?"

"Sikuona, babu."

Sauti yangu ilitoka safi. Hata leo nikiisikia kichwani naishangaa usafi wake. Baba akasema, "Mwache mtoto, hana habari na mambo haya," na hapo mlango wa kusema kweli ukawa umefungwa na baba yangu mwenyewe, kwa kuniamini. Nililitoa lile tambara kwenye mfuko wa daftari, nikalificha ndani ya gauni, nikaenda chooni. Choo chetu kilikuwa cha shimo. Nililitumbukiza, nikatoka. Kama nilitaka mbeleko yangu, basi nayo nikawa nimeipoteza kwa mkono wangu.

Fundi alianza kuifungua injini palepale, akaendelea Jumamosi kutwa nzima. Alifungua njia za hewa, akainua silinda hedi, akashusha na bakuli la oili chini ya injini. Alipitisha waya kwenye kila mfereji. Aliimulika mitungi ya pistoni kwa tochi mchana kweupe. Gasketi ikishabanwa haibanwi tena, kwa hiyo Jumapili Baba alikwenda Kariakoo kutafuta nyingine. Huku shangazi anapiga simu. Mihogo haisubiri: ikitoka ardhini siku mbili tatu, ukiivunja unakuta mistari ya bluu ndani, na hakuna wa kuinunua. Mwisho akapiga kusema basi, yeye na wanawe wanaimenya na kuianika wapate angalau makopa, na ile iliyokwisha kuharibika wanaitupa. Nilimsikia Baba akimwambia, "Dada, nisamehe, ni fundi." Nilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa nachora.

Jumatatu asubuhi injini ikafungwa tena. Tambara halikuonekana popote. Fundi alihesabu kumi na moja kwa mara ya mwisho, akampa Baba ishara kwa kidevu. Gari likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma vizuri kuliko miaka yote. Kwa fundi mwingine ingekuwa sifa. Kwake ikawa hukumu, kwa sababu ikiwa tambara halimo ndani na hakuna aliyelichukua, basi halikuwahi kuwapo. Baba alizima gari, akaingia ndani.

Tulikula mchana kimya kimya, kila mtu anatazama sahani yake. Mama hapendi kimya cha namna hiyo. Alitaka kuwapatanisha, na silaha aliyokuwa nayo ni utani, basi akaitumia.

"Mtani," akasema, "kumbe Wazaramo hesabu zenu zinaishia kumi na moja. Sisi Tabora tunafika mpaka ishirini, tena bila kuvua viatu."

Baba akapaliwa na wali. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini, hasira yote ikamtoka. Fundi naye akacheka. Alicheka kuliko wote, akapiga na goti lake, akasema, "Mnyamwezi umenipata, umenipata kweli." Nilimtazama usoni kwa makini, kwa sababu nilikuwa nangoja kujua. Nikaona meno yote. Basi nikajua yamekwisha, hakuna aliyeumia, na usingizi wangu ukarudi usiku ule.

Utani mzuri hausubiri ruhusa ya kusafiri. Baba aliusimulia sokoni, kwa kicheko, bila ubaya. Madereva wenzake wakauchukua wakaupeleka mtaa wa Picha ya Ndege, wengine mpaka Kisarawe kwenyewe. Ndani ya miezi michache Fundi Mwinshehe alikuwa na jina jipya: Kumi na Moja. Watani walimwita hivyo, na wasio watani wakamwita hivyo, na vijana wasiojua lilikotoka wakamwamkia, "Shikamoo, fundi Kumi na Moja." Naye aitike marahaba na acheke, maana lilianza kwa mtani, na la mtani halinuniwi. Angekuwa ametukanwa angejibu. Alifungwa mdomo na mzaha wa mama yangu na uongo wangu.

Alikuja kwetu tena baada ya mdogo wangu kuzaliwa, kutengeneza breki. Nilikuwa nimerudi shule. Nilimkuta na nati za tairi mkononi, anazihesabu, anafika katikati anasimama, anarudi mwanzo. Pembeni alikuwa amechora mistari kwa chaki kwenye mlango wa gari, mstari kwa kila nati. Huyu ni fundi ambaye zamani alifunga injini nzima huku akimtania Mama kupitia dirisha la jiko. Nilipita na mkoba wangu, nikamwamkia, nikaingia ndani.

Safari iliyofuata Baba alimpigia simu kwa sababu gari lilikuwa linatoa moshi mweupe. Alijibu kwamba injini afungue kijana mwingine. Baba akamsihi. Niliisikia sauti yake kwenye simu, Baba alikuwa ameiweka spika: "Bwana mkubwa, mimi nimeanza kusahau. Niliona mwenyewe kwenye gari lako. Nikimuulia mtu injini yake nitamlipa nini?" Baba akatikisa kichwa kwa huruma, akasema utu uzima ndivyo ulivyo. Fundi hakuwa hata na miaka sitini. Mwaka uleule aliacha ufundi, akabaki na shamba lake la mananasi.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema. Mwanzo niliogopa fimbo. Kisha niliogopa kumwaibisha Baba, aliyeniamini mbele ya mgeni. Kisha nikawa mtu mzima, nina kazi na watoto ninaowafundisha wasidanganye, na nikawa naogopa jinsi nitakavyoonekana. Sababu zilibadilika, mimi nikabaki pale pale kizingitini na embe langu. Kwenye hitima ya Baba fundi alikuja, amekonda. Aliniuliza jina mara mbili, kisha akacheka, akajipiga kifuani. "Usishangae, mama. Mimi si ndiye Kumi na Moja?" Alijiita mwenyewe. Nilimletea sahani ya pilau, nikakimbilia jikoni.

Siku lori lilipoondoka na pikapu niliingia nikamweleza Mama yote. Alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini, akakaa juu ya kigoda.

"Mimi ndiye niliyempa lile jina," alisema.

Nikamwambia twende wote Kisarawe. Akakataa. Alisema hawezi kumtazama mtani wake, na kwamba utani wao una dawa ya kila kitu isipokuwa hiki.

Nilikwenda peke yangu Jumapili, kwa njia ya Kiluvya. Nilimkuta kibarazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa anampangia vidonge vyake kwenye kisahani. Niliamkia, nikakaribishwa, nikakaa chini mkekani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njia nzima, yakanipotea yote. Nilisema tu: lile tambara nililichukua mimi. Yalikuwa kumi na mawili. Niliiba moja mlipokwenda kuswali, nikalitupa chooni, na uliponiuliza nikakudanganya.

Hakuonyesha kushtuka. Aliinama kidogo kuelekea kwangu.

"Yalikuwa mangapi?"

"Kumi na mbili, babu."

"Tatu," alimwita mkewe ingawa alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu. "Sogea hapa usikie. Sema tena, mama."

Nikasema tena, mbele ya Bi Tatu, nikiwa natazama mkeka. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Bi Tatu aliacha kuhesabu vidonge. Nikamwomba fundi anisamehe. Alikuwa anatazama vidole vyake, anavigusa kimoja kimoja kwa dole gumba.

"Ungeniambia jioni ileile," alisema mwisho, "ningekuchapa kofi moja, ukalia, yakaisha. Na kesho yake ningeamka nikaenda kazini."

Hakusema kwa hasira. Bi Tatu alifuta uso kwa upande wa kanga yake, kisha akafungua fundo la pindoni, akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. Moja ya stoo, akaniambia, na moja ya sanduku la spana. Amekaa nazo tangu mwaka ule, mumewe mwenyewe ndiye aliyempa, akisema yeye asiachiwe tena kitu cha kukumbuka. Akamnyooshea mumewe.

"Shika, baba," akamwambia. "Hukukosea."

Fundi alizipokea. Alizipima uzito kwenye kiganja, akazigeuza, akatazama ile ya sanduku kwa muda mrefu. Halafu akachukua mkono wa mkewe, akazirudisha ndani yake, akavikunja vidole vya mkewe juu ya funguo, kimoja baada ya kingine.

"Kaa nazo tu," alisema. "Siku hizi nasahau kweli."